KUTENGENEZA AU KUBADILI? Historia ya Maneno ya Injini Iliyoharibika, kwa Mifano ya Karagwe na Kyerwa

Mwenye gari ambalo injini yake imeharibika hukabiliwa na swali moja: aitengeneze injini hiyo, au aiondoe na kuweka nyingine mahali pake? Mafundi wana njia zao za kulijibu, na wahasibu wana zao. Lakini jibu lolote litakalotolewa halina budi kuandikwa mahali fulani: katika dokezo la ofisi, katika mkataba wa karakana, katika madai ya bima, katika taarifa ya kamati ya chama cha ushirika. Hapo ndipo mwandishi wa Kiswahili anapogundua kwamba ana vitenzi vingi mno na mipaka michache mno. Atasema injini imetengenezwa, imerekebishwa, imekarabatiwa, imefufuliwa, imebadilishwa, imefanyiwa ovahoo. Na msomaji wa taarifa yake, ambaye ndiye atakayeidhinisha malipo, hatajua kama fedha zimenunua gasketi moja au injini nzima.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vitenzi hivyo vilivyopata maana vilizo nazo leo. Mifano mingi imechukuliwa katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi Kyerwa ilipotengwa mwaka 2012. Nchi hiyo ni ya milima, iko mbali na bandari, na uchumi wake umetegemea lori la kahawa kwa miongo mingi. Mahali pa namna hiyo swali la injini si la anasa. Lori likilala msimu wa kahawa, mkulima halipwi.

Tuanze na kitenzi kikongwe, yaani kutengeneza. Shina lake ni tengenea, kukaa sawa, kuwa katika mpangilio wake. Na kutengeneza ni kukifanya kitu kikae hivyo. Kwa asili basi kitenzi hiki hakijali kama kitu kilikuwapo kabla au hakikuwapo. Seremala hutengeneza meza ambayo jana ilikuwa mbao, na fundi hutengeneza gari ambalo jana lilikuwa zima. Katika mazungumzo hakuna anayepotea, kwa maana muktadha humwongoza. Katika maandishi ya kiserikali upotevu ni wa kila siku. Tungo kama “kiwanda kinatengeneza injini za malori” inaweza kuwa habari ya fahari ya taifa, nayo inaweza kuwa habari ya gereji kubwa. Wafasiri wengi, wakitaka kuepa utata huo, wamekimbilia kuunda kwa maana ya kwanza. Nao wamefanya vema, ingawa kuunda nako kumebebeshwa tume na kamati hata kikachoka.

Utata huu haukuwasumbua wahenga wa Karagwe, kwa sababu kazi yao ya chuma haikuutenganisha. Ufalme wa Karagwe, ambao makao yake yalikuwa Bweranyange, ulijulikana kwa vyuma vyake. Speke na Grant walipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, na Stanley alipofika mwaka 1876, waliwakuta watu ambao kwao chuma kilikuwa alama ya utawala kama kilivyokuwa zana ya shamba: katika vitu vya kifalme vya Bweranyange zilikuwamo nyundo na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Huko jirani, Buhaya, uchunguzi wa Peter Schmidt na Donald Avery, uliochapishwa mwaka 1978, ulionyesha kwamba wayeyushaji wa kale wa pwani ya Ziwa Viktoria walikuwa na ufundi wa tanuri wa hali ya juu mamia mengi ya miaka kabla ya mgeni yeyote kufika. Mhunzi, ambaye Kihaya na Kinyambo humwita omuhesi, alifua jembe jipya. Na jembe hilo lilipolika hata likawa dogo, chuma chake kilirudi motoni kikawa kisu au kifaa kingine. Tendo la kuunda na tendo la kutengeneza yalifanywa na mtu yule yule, kwa moto ule ule na nyundo ile ile.

Jembe hilo linatufundisha jambo jingine ambalo tutalihitaji mbele. Mpini wa jembe huvunjika mara nyingi, na mkulima huchonga mwingine bila kufikiri kwamba amepata jembe jipya. Ubao ukiisha, yaani lile bapa la chuma, jembe limekwisha, hata kama mpini ni mzima. Kwa hiyo kila kifaa kina sehemu ambayo ndiyo kifaa chenyewe, na sehemu nyingine ambazo ni za kubadilishwa tu. Mkulima wa Nkwenda au Nyaishozi hakuhitaji mwanasheria wa kumweleza hilo.

Kiswahili kilifika Karagwe kabla ya gari. Kafuro, karibu na Bweranyange, palikuwa kituo cha wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, na hapo Stanley aliwakuta Waarabu na watu wao waliokwisha kukaa. Gari lilipofika baadaye, katika utawala wa Kiingereza, lilikuta lugha iliyokwisha kuzoea kupokea vyombo vya kigeni na kuvipa majina. Neno gari lenyewe ni la Kihindi, karakana lilitoka Uajemi kwa njia ya India, na injini, breki, gia na betri ni ya Kiingereza. Lipo neno moja la Kibantu ambalo lilikuwa na haki ya kuitwa kazini: mtambo. Hapo kale lilitaja mtego, na kile kidude cha bunduki kinachofyatuka; kwa ufupi, kitu kilichojikaza kinachongoja kuachiwa nguvu. Lingefaa sana kwa injini. Lakini lilipanuka likawa la mashine yoyote kubwa, toka mtambo wa umeme hadi mtambo wa kuchapa, na injini ikabaki na jina lake la kigeni. Sioni sababu ya kulalamika. Neno injini limekwisha kuwa letu, na mtambo umepata kazi nyingine yenye heshima.

Injini za kwanza zilizofika katika nchi hizi zilikuwa za aina ambayo mhunzi angeielewa. Beringi zake, yaani vitako ambavyo mhimili wa injini huzungukia, zilikuwa za madini laini meupe yaliyomiminwa motoni. Madini hayo, ambayo hubeba jina la Mmarekani Isaac Babbitt aliyeyabuni mwaka 1839, kwa sehemu kubwa ni bati lililochanganywa na shaba na antimoni. Beringi ikilika, fundi aliyayeyusha madini, akamimina upya, kisha akakwangua taratibu mpaka mhimili ukae. (Inafaa kukumbuka kwamba bati ni madini yanayochimbwa Kyerwa tangu wakati wa Waingereza. Inafaa pia kukumbuka kwamba neno bati limewapotosha wengi, kwani bati la kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki, wala halina bati ndani yake. Suala hilo linangoja makala yake.) Injini ya namna hiyo haikuzua swali la kutengeneza au kubadili. Ilitengenezwa, basi.

Mabadiliko yalikuja pale viwanda vya Ulaya na Marekani vilipoacha kumimina beringi na kuanza kutoa vipande vyembamba vilivyokwisha kupimwa, vya kutoa na kutia. Kuanzia hapo ufundi ulihama kutoka mkononi hadi dukani. Kazi ya fundi ikawa kutambua kipande kilichokufa na kutia kingine cha namba ile ile. Kiswahili nacho kikahitaji jina la vipande hivyo. Gereji zilisema spea, na zinasema hivyo hadi leo. Lugha ya ofisi ikasema vipuri. Maneno haya mawili yameishi pamoja bila kugombana, kila moja likijua mlango wake wa kuingilia. Mwalimu anayefundisha ufundi afundishe yote mawili, maana mwanafunzi atakayeomba vipuri katika duka la mtaani ataeleweka, lakini atauziwa kwa bei ya mgeni.

Pamoja na kipuri kikaingia kitenzi kubadili katika maana yake ya gereji. Tena kiliingia kwanza kwa vipande vidogo, kubadili plagi, kubadili ringi, kubadili beringi, na injini nzima ikabaki nje ya kitenzi hicho kwa muda mrefu. Sababu yake ilikuwa ya kiuchumi kuliko ya kiisimu.

Ushirika wa kahawa wa Bukoba ulipoundwa mwaka 1950, na kwa miaka mingi baada ya hapo, kahawa ya Karagwe ilishuka kwa lori hadi Bukoba, ikavuka ziwa, ikaendelea na safari yake ya kwenda ng'ambo. Barabara ilikuwa ya vumbi na udongo, yenye kupanda na kushuka. Vumbi ni adui wa silinda kuliko mwendo wenyewe: chujio la hewa likichoka, mchanga laini huingia pamoja na hewa, ukasaga ringi na kuta za silinda kama kinu kinavyosaga nafaka. Kisha injini huanza kula oili, moshi ukawa wa buluu, na nguvu zikapungua hasa mlimani. Dereva hushusha gia akailazimisha, maji yakachemka, gasketi ikaungua, oili na maji vikachanganyika. Lugha ya gereji ina msamiati kamili wa safari hiyo ya maangamizi: gari limechemsha, injini inakula oili, hedi imepinda, na mwisho wa yote, injini imenoki. Neno hili la mwisho lilitoka katika Kiingereza, ambako hutaja mlio wa kugonga tu. Kwetu limekwenda mbali zaidi, na injini iliyonoki ni ile iliyogonga hata ikaharibika kabisa au ikajikaza isizunguke tena. Lugha ya mkopo hapa imekuwa na maana nzito kuliko ya mkopeshaji, na mfasiri anayelirudisha neno hilo katika Kiingereza kwa sauti yake tu atamdanganya msomaji wake.

Sasa fikiria lori lililonoki mwaka 1980. Vita dhidi ya Idi Amin vilikuwa vimeanza katika mkoa huo huo: majeshi ya Uganda yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, na daraja la Kyaka likavunjwa siku chache baadaye. Serikali ilikusanya malori na mabasi ya mashirika na ya raia kwa ajili ya vita, na mengi yalichakaa huko. Bei ya mafuta ilipanda tena mwaka 1979. Mwalimu Nyerere alipowataka wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, hapakuwa na aliyejua kwamba ukata ungedumu zaidi ya hapo. Fedha za kigeni zilikuwa chache, magari na vipuri viliagizwa kwa vibali, na hata pale malori ya Scania yalipounganishwa Kibaha katika kiwanda cha TAMCO, vipande vyake vilitoka nje na vilingojea fedha zile zile. Yapo mambo yaliyokuwa magumu kuyameza: mkulima wa Karagwe alikuwa mmoja wa waletaji wa fedha za kigeni, kwa kahawa yake, na lori la kuibeba kahawa hiyo lililala kwa kukosa ringi zilizohitaji fedha hizo hizo.

Katika hali hiyo hakuna kamati iliyokaa kuamua kati ya kutengeneza na kubadili. Kubadili injini nzima hakukuwa kwenye orodha ya yanayowezekana. Ndiyo maana msamiati wa kutengeneza ulistawi sana katika miaka hiyo. Mafundi walishusha injini, wakaifungua, wakapima kila kipande. Silinda iliyopanuka ilichongwa zaidi ikapewa pistoni kubwa kuliko ya awali kwa robo milimita, kisha nusu, kisha robo tatu, kisha milimita nzima. Mhimili wa kranki nao ulichongwa kwa ngazi hizo hizo kwenda chini, ukapewa beringi nene zaidi. Ngazi zilipokwisha, slivu ilitiwa na kazi ikaanza upya. Injini nyingi za malori zilisanifiwa hivyo makusudi, slivu zake zikiwa za kutoa na kutia, ili bloku moja iishi maisha ya pistoni nyingi. Gari lililokufa kabisa lilikuwa akiba ya vipuri kwa lililo hai. Kazi hiyo yote waliiita ovahoo, na lugha sanifu haikuwapa neno.

Hapa pana jambo la kuwafikirisha wenye kazi ya istilahi. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, na tangu miaka ya 1970 lilitoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilivyosaidia ofisi nyingi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981. Kanuni iliyokubaliwa ni kutafuta istilahi kwanza katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo kwenda mbali. Mkoa wa Kagera wenyewe umechangia: neno ngeli, ambalo kila mwalimu wa sarufi hulitamka kila siku, limetoka katika Kihaya, ambako maana yake ni aina. Swali basi ni kwa nini gereji, ambako Kiswahili kilifanya kazi usiku na mchana, hakikusikilizwa kwa makini kama lilivyosikilizwa darasa. Nadhani ni kwa sababu orodha nyingi za istilahi za ufundi zilianzia kwenye kitabu cha Kiingereza na kutafuta jina la kila kipande. Majina ya vipande yalipatikana. Majina ya matendo, ambayo kitabu huyachukulia kuwa yanajulikana, yalisahauliwa.

Pengo hilo lilikuja kuzibwa na ukarabati. Kitenzi kukarabati kilienea sana katika hati za miaka ya 1980, wakati mashine, barabara, reli na viwanda vilivyochakaa vilipoombewa mikopo ya kuvirudisha katika hali nzuri, na hasa baada ya mpango wa kufufua uchumi ulioanza mwaka 1986. Ni neno zuri, zito, lenye sauti ya fedha nyingi. Kasoro yake ni kwamba halina chini wala juu. Kupaka rangi ni ukarabati, na kuweka injini mpya ni ukarabati.

Tazama meli mbili. Ya kwanza ni Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen na kuunganishwa Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, lakini kabla ya kuizamisha mafundi wao walizipaka injini zake grisi nzito. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 walizikuta injini zinafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi majini ikisukumwa na mvuke wa mitambo ile ile. Hapo kutengeneza kulikuwa kutengeneza kwa maana kamili. Katika miaka ya 1970 mitambo ya mvuke iliondolewa, zikawekwa injini za dizeli. Je, matendo hayo mawili, lile la 1924 na lile la miaka ya 1970, ni kitu kimoja? Taarifa nyingi huyaita yote ukarabati.

Ya pili inawahusu zaidi watu wa Kagera. MV Victoria ilianza kazi Ziwa Viktoria mwaka 1961, na kwa miongo mingi ilikuwa njia ya abiria na shehena kati ya Bukoba na Mwanza. Mtu wa Kayanga au Murongo aliyetaka kwenda Mwanza aliifahamu kama afahamuvyo barabara. Ilisimama mwaka 2014. Mkataba ulitiwa saini Septemba 2018, na Agosti 2020 ikarudi majini kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, ikiwa na injini mpya. Kwa Kiswahili cha magazeti na cha hotuba, kazi yote hiyo iliitwa ukarabati wa meli. Kwa meli hilo ni sahihi, kwa sababu meli ni jahazi lake, na jahazi lilibaki. Kwa injini si sahihi hata kidogo: injini hazikukarabatiwa, zilibadilishwa. Sentensi “injini za meli zimekarabatiwa” na sentensi “meli imekarabatiwa kwa kuwekewa injini mpya” hutofautiana kwa fedha nyingi, kwa muda wa dhamana, na kwa umri wa matumaini ya abiria. Ni kanuni ile ya jembe na mpini. Kabla ya kuchagua kitenzi, mwandishi ajiulize ni kitu gani anachokitaja, na sehemu ipi ya kitu hicho ndiyo kitu chenyewe. Reli ya TAZARA ilipita njia hiyo hiyo katika miaka ya 1980, pale baadhi ya vichwa vya treni vya Kichina vilipoondolewa injini zake za asili na kuwekwa za kampuni ya MTU ya Ujerumani. Kichwa kilikarabatiwa, injini ilibadilishwa.

Turudi Karagwe. Bajeti ya mwaka 1984/85 iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa walikozipata, na kidogo kidogo milango ya magari yaliyotumika ikafunguka. Toka hapo injini iliyotumika, iliyoondolewa katika gari la Japani, ikawa bidhaa ya kawaida. Leo mwenye gari mjini Kayanga anaweza kuagiza injini nzima kutoka Dar es Salaam, nayo ikafika kwa basi au lori. Swali la kamati ambalo mwaka 1980 halikuwapo sasa lipo, tena ni gumu.

Msikilize fundi na mwenye gari. “Mzee, hii imenoki.” “Itapona, fundi?” “Itapona, ila gharama yake mzee utalia. Bora tutafute nyingine.” Katika maneno hayo machache muna hesabu nzima. Injini ndogo nyingi za kisasa, zikiwamo baadhi za Toyota zilizoko katika magari ya abiria ya vijijini, zina bloku ya alumini yenye slivu nyembamba ya chuma iliyoshikamana nayo tangu kiwandani. Hakuna nyama ya kuchonga. Ngazi zile za robo milimita, zilizomlisha fundi wa mwaka 1980, hazipo, au ziko chache mno. Kutengeneza basi humaanisha kununua vipande vingi vipya na kulipia kazi ya siku nyingi, na jumla yake huweza kuipita bei ya injini iliyotumika. Kwa upande wa pili, injini iliyotumika haina historia inayojulikana. Hakuna ajuaye ilitembea kilomita ngapi, ilichemka mara ngapi, ilikaa muda gani bila oili. Injini ya zamani iliyotengenezwa na fundi anayejulikana ina aibu zake, lakini ni aibu za nyumbani. Na kwa lori lenye slivu za kutoa na kutia hesabu inaweza kugeuka kabisa: hapo kutengeneza mara nyingi bado ndiko nafuu. Bloku ikipasuka, ubishi umekwisha kwa yote mawili.

Angalia kitenzi alichotumia yule mwenye gari: kupona. Injini huugua, hupona, hufa, hufufuliwa. Kwa lugha ya dokezo la ofisi msamiati huo haufai, bila shaka. Hata hivyo unabeba tofauti moja ambayo ukarabati umeifuta. Kilichopona ni kile kile kilichougua. Aliyezaliwa baada ya kifo cha mwingine ni mtu mwingine, hata akipewa jina la marehemu.

Tunafika kwenye kubadili, kitenzi ambacho wengi hudhani hakina shida. Kubadili injini kunaweza kumaanisha kuigeuza tabia, kwa mfano kuifanya itumie gesi badala ya petroli, na kunaweza kumaanisha kuiondoa na kuweka nyingine. Kubadilisha huonekana kuleta nafuu, kwa sababu wengi hukisikia kama kutoa hiki na kutia kile, ingawa wasemaji hawakubaliani juu ya mpaka wake. Wengine hutaka injini mbadala, lakini neno mbadala limekwisha kuchukuliwa na maana ya njia nyingine, kama katika nishati mbadala, na injini mbadala itadhaniwa ni ya umeme. Maoni yangu ni kwamba katika hati yenye fedha ndani yake, kitenzi kimoja hakitoshi. Iandikwe: injini imeondolewa na kuwekwa nyingine, ikifuatiwa na neno mpya au iliyotumika. Ni maneno mengi, lakini karatasi ni rahisi kuliko injini.

Kwa tendo la ovahoo napendekeza kufumua. Mafundi wa umeme husema kusuka mota, wakiwa na maana ya kuzungushia upya nyaya za shaba, na neno hilo limetoka katika mkeka na nywele bila kuomba ruhusa ya mtu. Kufumua injini kungekuwa kuifungua yote, kupima kila kipande, kuchonga au kubadilisha vilivyolika, na kuirudisha. Tofauti na kurekebisha, ambako hufanywa pasipo kuifungua. Napinga kupanua kusuka hadi injini ya mafuta, kwani mota ndiyo yenye nyaya, na maana yake ya sasa ni safi isivyostahili kuchafuliwa. Wako watakaosema kwamba kufumua kunaonyesha kubomoa tu, wala hakuonyeshi kuunganisha. Pingamizi hilo lina nguvu. Lakini aliyefumua mkeka wa wenyewe anajulikana ana deni la kuusuka. Mtu mwingine aweza kuleta kuhesa, kutoka katika lugha za wenyeji wa Kagera, kwa heshima ya omuhesi. Ningefurahi, ila naogopa kwamba maana ya kufua chuma motoni iko mbali na gereji ya leo, ambamo moto ni wa kuchomelea tu.

Linabaki jambo la kadi. Kadi ya usajili wa gari huandikwa namba ya chesisi na namba ya injini, na namba ya injini hupigwa kwenye bloku. Sheria kwa hiyo imekwisha kuamua, pengine bila kukusudia, kwamba bloku ndiyo injini, kama bapa lilivyo jembe. Fundi aliyebadilisha pistoni zote, kranki, hedi na pampu ametengeneza injini, hata kama hakuna kipande kinachozunguka kilichobaki cha zamani. Fundi aliyetoa bloku iliyopasuka, akachukua bloku tupu ya gari jingine na kurudishia humo vitu vyote vya awali, atasema kwa nia njema kabisa kwamba amebadilisha bloku tu. Karani anayepokea taarifa hiyo asiandike hivyo katika safu ya matengenezo. Aandike kwamba injini imebadilishwa, anakili namba mpya, na ampeleke mwenye gari arekebishe kadi yake kabla hajakutana na askari wa barabarani pale Kyaka.